Fundi Saa Hayumo Kitabuni

Tarehe 6 Februari

Mchwa wangu,

Nimekimaliza. Kabla hujauliza kama nakula, nakula. Kama nalala, nalala. Sasa tuzungumze mambo ya maana.

*Joka la Ghorofa ya Saba* ni kitabu kizuri kilichoandikwa na mtu anayependa kujisumbua. Kwanza ramani. Jengo ni moja, ngazi ni moja, ramani ya nini? Halafu majina. Hawa waandishi wa mambo ya kichawi siku hizi wanachomeka vialama katikati ya jina, ukilitamka unakuwa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Na uchawi wenyewe una kanuni nyingi kuliko benki. Zamani mchawi akitaka kuruka, aliruka. Siku hizi lazima kwanza atueleze nguvu zinatoka wapi na zinaisha saa ngapi.

Lakini joka nimelipenda. Limezeeka, limepanga chumba, linaona haya kukohoa kwa sababu litaunguza mapazia ya watu. Hilo ndilo wazo! Na niliyempenda zaidi ni yule fundi saa wa ghorofa ya tatu. Pale mama mwenye nyumba alipokuwa anakata roho ngazini, na majirani wameshaanza kulia, fundi akapanda na kisanduku chake cha bisibisi, akaweka sikio kifuani mwa yule mama, akasema, “Moyo huu haujasimama, umechelewa tu.” Nililia mpaka nikashindwa kushona.

Nilikukumbuka wewe chini ya meza yangu ya kukatia, unanisomea kwa sauti huku nashona sare za shule. Ukifika pabaya ulikuwa unanyamaza, nami nauona mguu wako unatikisika kati ya vipande vya kitambaa. Nikakuambia, “Soma, usiogope, niko hapa juu.” Siku zile vitabu vilikuwa vichache na jioni zilikuwa ndefu, na mimi nilidhani hazitaisha.

Huku mtaani hakuna jipya. Jirani yetu Fundi Saa hana wateja, kila mtu anatazama saa kwenye simu, basi jioni anakuja kukaa dukani kwangu mpaka tufunge. Ndiye yule aliyekuwa akikutisha na lenzi yake ya jicho moja. Hatishi tena.

Usishangae herufi kubwa, nimenunua kalamu nene. Ukurasa wako ndio huu, sheria nimetimiza. Tuma kingine.

Shangazi yako


Tarehe 20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya boksi la vitabu ambavyo havijafunguliwa, nikacheka mpaka mwenye duka akapanda ghorofani kuona kuna nini. Nikamsomea. Akasema, “Huyo shangazi yako anafaa kuliko magazeti. Andika hayo kwenye kadi, uiweke mbele ya rafu.”

Basi nimeandika. Juu kabisa: SHANGAZI ANASEMA. Chini yake mwiba wa samaki, benki, joka linaloona haya kukohoa, na yale maneno ya fundi saa. Shangazi, *Joka* limekwisha dukani! Watu wanakuja kuniuliza, “Shangazi anasemaje kuhusu hiki?” Nami nakwambia ukweli, mwenyewe sijapata hata nafasi ya kukisoma. Siku hizi nafungua maboksi tu, nabandika bei, nafunga maboksi. Mtu akiniambia niliwahi kuwa mchwa wa vitabu sitabisha, lakini meno yameisha.

Nani angedhani sheria yako ingefika mpaka huku? Hakuna kitabu kipya mpaka uandike ukurasa mmoja kuhusu kile cha zamani. Unakumbuka ukurasa wangu wa kwanza? Niliandika, “Kitabu ni kizuri kwa sababu kimeisha.” Ukanirudishia, ukaendelea kuzungusha uzi kwenye bobini. Nilinuna, nikaandika upya, na ule wa pili ukaubandika ukutani juu ya cherehani. Natamani siku moja tu ya namna ile, na harufu ya mafuta ya mashine na chaki.

Nakutumia *Chombo Kisichotua* kwa basi. Hiki ni cha anga za juu. Vipi, simu niliyokununulia bado imelala kwenye droo ya vifungo?

Ni mimi, Mchwa


Tarehe 15 Machi

Mchwa wangu,

Simu ilale. Ina usingizi mzuri, usiiamshe.

*Chombo Kisichotua* nimekipokea, nimekimaliza, na nimekuwa mtu mwingine kwa siku kadhaa. Nikueleze tofauti ninayoiona. Zamani, katika vitabu vya anga, watu walikwenda juu kutafuta vita. Siku hizi wanakwenda kulia. Wanaondoka duniani na huzuni zao kwenye mabegi, wanazifungua mbele ya nyota. Hata mashine zinazofikiri zimebadilika. Zile za ujana wangu ziliasi, zikataka kutawala. Hizi za sasa zina majonzi, zinataka kuulizwa hali. Sijui kama mashine zimekua au ni sisi tuliochoka.

Katikati kinachosha. Kuna maelezo ya injini ambayo hata injini yenyewe ingesinzia. Lakini ule mwisho! Watu wamezaliwa humo ndani, wamezeeka humo ndani, wameshaambiwa kwamba chombo hakitatua kamwe. Halafu yule mzee anayetunza saa ya chombo anagundua kwamba saa ilikosea tangu siku ya kuondoka, na kwamba walikuwa wamefika zamani, wanazunguka tu mlangoni. Chombo kinatua! Watoto wanashuka, wanaogopa kukanyaga majani. Mwandishi aliyefikiria hilo ana moyo, na ningependa kumshonea shati.

Huku nimeacha kupokea vitambaa vya kukata, nashona upindo na kurekebisha nguo tu. Inanitosha.

Shangazi yako


Tarehe 29 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Wiki iliyopita alikuja mteja, daktari wa meno, mtu mpole sana. *Chombo Kisichotua* kilikuwa kwapani. Akasimama mbele ya kadi yako, akaisoma tena, akaniuliza kwa upole, “Samahani dada, huyu mzee wa saa yuko ukurasa gani?” Nikamwambia yuko mwishoni. Akasema, “Mwishoni nimefika. Chombo hakikutua.” Siku ya pili akaja mama mmoja na *Joka*, naye anamtafuta fundi saa.

Nikakaa nikavisoma vyote viwili. Shangazi, yule mama mwenye nyumba anafia ngazini, na joka linaondoka peke yake. Kwenye lile jengo hakuna fundi saa, ghorofa ya tatu kuna kinyozi. Na chombo hakitui. Jina lenyewe la kitabu linasema hakitui.

Sikuandikii kukuaibisha. Nakuandikia kwa sababu nimemkumbuka bibi. Wewe ndiye uliyemuuguza, unajua ilivyoanza: hadithi nzuri za mambo ambayo hayakutokea, na sisi tukawa tunacheka. Halafu akaanza kumwita baba kwa jina la marehemu kaka yake. Ulinisimulia jinsi ulivyochelewa kuelewa, na kwamba hutajisamehe. Mimi sitaki kuchelewa.

Nimekuandalia chumba kwangu. Kina dirisha kubwa linalopata jua. Mwisho wa Aprili nitakuja kukuchukua. Duka tutalifunga taratibu, cherehani tutampa mtu atakayeithamini. Najua unaupenda mtaa ule. Lakini siwezi kuwa huku nauza vitabu, na wewe uko huko peke yako unapotea kidogo kidogo. Niambie ukweli, unajisikiaje? Unasahau vitu? Nijibu haya, Shangazi, hata kama hutajibu mengine.

Mchwa wako


Tarehe 14 Aprili

Mchwa wangu,

Barua yako fupi imenifurahisha mno. Kumbe kadi zinaendelea kuuza! Na huyo daktari wa meno anayesoma vitabu vya anga, kama hajaoa, mwangalie vizuri. Mtu anayefika mwisho wa kitabu ni mvumilivu.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni paka. Miaka yote uliniomba paka nikakukatalia kwa sababu ya nyuzi. Sasa una wako. Umempa jina gani? Hujaniambia rangi. Ni mweupe? Tayari namshonea kagodoro kutokana na vipande vya flaneli, maana sakafu za huko najua ni baridi.

Mimi sijambo kabisa. Tuma kitabu kingine, kiwe cha wachawi safari hii, nimechoka na injini.

Shangazi yako


Tarehe 20 Aprili

Shangazi,

Sina paka. Sijawahi kuandika habari za paka.

Nakuja tarehe thelathini na gari la mizigo. Tafadhali usishone kitu kingine.

Mchwa


Tarehe 24 Aprili

Kwako binti,

Salamu nyingi. Ni mimi Fundi Saa, jirani wa shangazi yako, mlango wa pili. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinikimbia, na leo nakubali ulikuwa na haki.

Barua yako ya gari la mizigo ninayo mfukoni. Sijamsomea. Ndiyo, mimi ndiye ninayemsomea, vitabu na barua zako zote. Naomba uketi kabla ya kuendelea.

Akili ya shangazi yako ni nzima kuliko yangu. Tatizo ni macho. Anaona mwanga, anaona mtu akipita mlangoni, lakini maandishi hayaoni tangu mwaka jana. Ni mtoto wa jicho. Nimeshughulika na vioo vya saa maisha yangu yote, siku nilipomtazama kwa karibu nilijua. Mashine anaiendesha kwa vidole, upindo anaupima kwa kucha. Sindano namtungia mimi kila asubuhi, nazichomeka kwenye mto wake. Kuandika anaandika mwenyewe: ametoboa mistari kwenye kadibodi ya kukatia kola, kalamu inafuata tundu. Mtu aliyebuni hilo hajapotea akili.

Aliniapisha nisikwambie, kwa sababu alijua utasema lile lile ulilokuja kulisema. Hospitali amekataa kwenda kwa sababu hiyo hiyo. Anaogopa ukija kwa ajili ya macho utaondoka naye mzima mzima.

Sasa habari za fundi saa. Nilianza nikisoma neno kwa neno, naapa. Tukafika pale mama mwenye nyumba anakata roho. Mashine ikanyamaza. Shangazi yako akakaa, mikono juu ya kitambaa, anasubiri. Binti, mimi nimemzika mke wangu. Sikuwa na nguvu ya kumzika mwanamke mwingine mbele ya watu, hata awe wa kitabuni. Nikatafuta mtu wa kumwokoa haraka haraka, na kazi ninayoijua ni moja. Basi akapanda ngazi fundi saa. Mashine ikaanza tena kulia.

Cha pili nilifanya kusudi. Watu wamesafiri maisha yao yote, kwa nini wasifike? Huyo mwandishi na anijibu.

Kuhusu paka sina utetezi. Nilifungua ile barua yako ndefu, nikasoma kidogo, nikayaona yanayofuata, nikakwama. Yeye ameshaacha kushona, ananiuliza, “Mbona kimya? Mtoto anasema nini?” Nikasema, “Anasema amepata paka.” Sijui alitoka wapi. Sijawahi kufuga hata kuku.

Nilaumu mimi, nastahili. Lakini usimng'oe mtu kwenye duka lake na mtaa wake kwa ajili ya paka wangu.

Jirani yenu, Fundi Saa


Tarehe 27 Aprili

Kwako mzee wangu Fundi Saa,

Shikamoo. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikacheka tena. Sijui nikushukuru au nikushitaki.

Gari la mizigo nimelifuta. Nakuja kwa basi, na namchukua mpaka hospitali, apende asipende. Lakini usidhani chumba nimekifuta pia. Mtu aliyeficha upofu mwaka mzima anaweza kuficha lolote, na wewe umeshaonyesha kwamba utamsaidia kuficha. Akishapona atakuja kukaa nami, ambako nitamwona kwa macho yangu. Ni shangazi yangu, ndiye mama niliyemjua, sina mwingine.

Nataka umsomee barua hii yote, neno kwa neno. Usimwongeze mtu yeyote ndani yake.

Wako, Mchwa


Tarehe 11 Juni

Mchwa wangu,

Unaziona herufi hizi? Ndogo, zimenyooka, bila kadibodi. Jicho la kulia limefunguka, la kushoto linasubiri zamu yake. Jana nimetunga uzi mwenyewe mara ya kwanza, nikautoa, nikautunga tena, kwa raha tu. Ule ukurasa wako bado uko ukutani, nimeusoma. Uliandika kwamba kitabu kikiisha unahisi kama watu wamehama. Nilikuwa nimesahau kwamba mtoto mdogo aliandika hivyo. Nilisimama pale muda mrefu, nikakuona tena ulivyokuwa, na ribini zako ambazo hazikukaa.

Uliondoka ukiniambia nifikirie kuhamia kwako mpaka mwisho wa mwezi. Nimefikiria. Lakini sheria kwanza.

*Malango Kumi na Mawili*, kile cha wachawi ulichoniachia, nimekisoma mwenyewe, mchana, dirishani, kila neno. Maoni yangu ni haya. Mwandishi anaandika vizuri sana na anaogopa furaha. Kila mtu akikaribia kutabasamu, anamuua. Malkia anafunga lango la mwisho akiwa peke yake, theluji inashuka, basi. Najua watu wanaita huo ujasiri. Mimi nimezika watu wa kweli, huzuni ya kukopa siihitaji. Weka hilo kwenye kadi ukitaka.

Sasa nikuambie jambo. Siku ile Fundi Saa alipokiri mbele yetu sote wawili, kofia mkononi, ulinitazama ukidhani nitaanguka. Sikuanguka kwa sababu nilijua. Mchwa, mimi sikuwa naona, lakini nilikuwa nasikia. Mtu anayesoma hugeuza kurasa. Yeye aliweza kwenda jioni nzima bila kugeuza hata moja, na pale pazuri zaidi ndipo karatasi ilipokuwa kimya zaidi. Maoni yangu yote yalikuwa ya kweli kabisa, ila mwandishi ndiye aliyekuwa mwingine. Paka tu ndiye aliyenidanganya. Kale kagodoro nimemaliza, sijui nikapeleke wapi.

Ulipoondoka, jirani yetu hakuja siku mbili. Nilimwona kwa mbali anafuta kioo cha kabati lake la saa, kioo kile kile, asubuhi na jioni. Nikaelewa anachofikiria. Mtu amepata macho, msomaji wa nini? Basi nikavaa ile miwani myeusi niliyopewa hospitali kwa ajili ya jua, nikamwendea mpaka mlangoni, nikasema daktari amenikataza kusoma kwa muda. Daktari hakunikataza kitu. Alivyoitafuta kofia yake, ungedhani duka linaungua.

Akakaa kwenye kiti chake, akafungua *Malango*, akaanza. Nami nikashona, nikiwa nyuma ya miwani, ninaona kila kitu kama kilivyo: nywele zimekuwa nyeupe, shati limepasuka begani na hakuniambia, vidole bado vizuri. Tukafika kwenye lango la mwisho. Malkia wake hakuwa peke yake. Kulikuwa na mtu nje ya lango, kwenye theluji, aliyekuwa anapita kila jioni kusikiliza kama bawaba zinalia, na hakuwahi kubisha hodi kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa.

Nikainua kichwa nione anasoma wapi. Hakuwa anasoma popote. Kitabu kilikuwa wazi magotini, upepo wa feni unachezea kurasa, na macho yake hayakushuka hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi. Miezi yote ile nilikuwa nashona mbele ya macho hayo, nami nilidhani yako kwenye karatasi.

Sijatazamwa hivyo maishani mwangu, mwanangu. Nilikulea wewe, nikamuuguza bibi yako, nikashonea nguo za harusi mtaa mzima, nikaona hayo mengine ni ya vitabuni. Nakueleza waziwazi, maana wewe ndiye ninayekueleza mambo: nilifurahi mpaka nikashona mkono wa shati ukaziba.

Kwa hiyo chumba chako kizuri kipangishe. Nitakuja kukaa mwezi mmoja kila mwaka na kukusumbua. Fundi hajui kwamba naona mpaka pale alipokaa. Jumapili akifika pale pazuri nitavua miwani, nimtazame na mimi, na hapo ndipo tutajua kama ataweza kuendelea.

Shangazi yako